Mtamba wa Uso Mweupe

Kh'm.

Kikohozi kimoja tu, kifupi, kama cha mtu aliyekwamwa na punje ya wimbi. Nyamoita alikisikia akiwa nje ya dirisha la mahakama ya Kisii mwaka wa 1948, mtoto amelala mgongoni, jua likimchoma utosi, na tangu siku ile hakuna sauti iliyokaa ndani yake muda mrefu kuliko hiyo. Alisahau sauti ya mama yake. Alisahau hata nyimbo alizoimbiwa alipoolewa. Kikohozi kile hakukisahau.

Alikijua, kwa sababu alikuwa ameishi nacho. Mumewe, Mogire, alikohoa hivyo kila alipomeza neno. Mtu akimpunja sokoni, kh'm, na neno limeshuka tumboni. Ndugu yake akisogeza mpaka wa shamba kwa upana wa jembe, kh'm, na mpaka unabaki uliposogezwa. Nyamoita alikuwa akimtania: "Siku utakayokufa tutakupasua tumbo tukute hotuba nzima." Mogire alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka kwa mabega, bila sauti.

Siku ile mahakamani waliocheka walikuwa wengine.

Nyamoita alitoka upande wa Masimba. Aliolewa Magwagwa mwaka wa 1934, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka kwao, mahali asipokuwa na dada wala shangazi wa kumkimbilia. Alikuja na mikono inayojua kazi na mdomo usiojua kunyamaza. Mama mkwe wake alikuwa akisema, "Huyu ametuletea kelele za Masimba," lakini alisema akiwa amekalia kigoda kilichotandikwa na Nyamoita, mkononi ana kibuyu cha uji uliopikwa na Nyamoita, na kila mtu alijua kwamba hamaanishi. Migomba iliyokuwa imedumaa nyuma ya nyumba ilizaa mikungu ya kubebwa na watu wawili. Watoto wakaja wanne. Wakabatizwa wote, yeye na Mogire wakabatizwa pia, wakawa Wasabato wa kanisa la udongo lililokuwa juu ya kilima, na maisha yakawa maisha.

Kisha akaja mtamba.

Katika nchi ile mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote katika zizi moja. Maradhi yakija, yatamkuta na kitu kwingine. Wakwe wakija na macho yao ya mahari, hawataona kila kitu. Kwa hiyo ng'ombe mmoja hupelekwa kwa rafiki au kwa mwana wa rafiki, ng'ambo ya mto. Mchungaji atakunywa maziwa, mwenyewe atapata ndama. Na mchungaji ana sheria moja tu. Akiulizwa, "Ng'ombe huyu ni wa nani?" anajibu, "Wangu." Basi. Hakuna anayefundishwa jambo hili. Watoto hulijua kama wanavyojua kwamba moto unaunguza. Kumtaja mwenye ng'ombe ni kumvua nguo sokoni.

Mwenye mtamba huyo alikuwa mzee Ombui. Ombui na marehemu baba yake Mogire walitahiriwa msimu mmoja, kwa hiyo Mogire alikuwa mwanawe, na kwa Nyamoita yule mzee alikuwa baba mkwe, mwenye kustahili haya na heshima zote za baba mkwe. Hakumpa mkono. Hakumtazama usoni. Wakikutana njiani Nyamoita aliingia majanini, akageuza kichwa mpaka mzee apite.

Kwa miaka mingi Ombui alikuwa nyapara wa wachunga ng'ombe huko Nyansiongo, katika shamba la Mzungu ambaye watu walimwita Bwana Soksi, kwa sababu ya soksi alizozivuta mpaka magotini hata katika jua kali. Wafanyakazi waliruhusiwa kuchunga ng'ombe wao kando ya seng'enge. Ombui alikuwa na ng'ombe wake mweusi pale. Fahali wa Bwana Soksi, mwekundu, mwenye uso mweupe kama aliyepakwa chokaa, hakuiuliza seng'enge ruhusa. Akazaliwa ndama jike mwenye uso ule ule. Amri ilipotoka kwamba wafanyakazi waondoe mifugo yao mashambani, Ombui alirudi Magwagwa na ng'ombe wake wengine mchana, watu wakimwona. Mtamba wa uso mweupe alimpitisha bondeni alfajiri, mpaka kwa Mogire.

"Mwanangu, nifichie huyu," alisema. "Nimewaapia wakwe wa mtoto wangu, mkono juu ya Biblia, kwamba zizi langu limekwisha. Harusi ipite kwanza."

"Nimesikia, mzee."

Hayo tu. Nyamoita aliyasikia yote kutoka nyuma ya ukuta wa jikoni, kama wake wanavyosikia. Ilikuwa siku ya Sabato, kwa hiyo akampa mtamba jina la Sabato, na akampenda. Alikuwa mnyama mpole, mwenye pua baridi, aliyependa kulamba chumvi ya jasho kwenye mikono ya watu.

Miezi minne baadaye watu wa mifugo walikuja Magwagwa kuchanja ng'ombe. Pamoja nao, kwa gari lake mwenyewe, alikuja Bwana Soksi. Ng'ombe mia mbili walipita mbele yake wakiwa weusi, wekundu na wa madoa. Kisha akapita Sabato na uso wake, uso wa fahali wa Bwana Soksi.

"Wa nani huyu?" aliuliza Bwana Soksi.

"Wangu," alisema Mogire.

Wakamfunga pingu hapo hapo, ng'ombe wakimtazama.

Nyamoita alikwenda kwa Ombui jioni ile. Haya haikumruhusu amkabili, basi alisimama nyuma ya ghala la wimbi, akampa mgongo, akazungumza na kuku.

"Mwambieni baba," aliwaambia kuku, "kwamba mwanawe amekamatwa kwa ajili ya yule mgeni wa uso mweupe."

Ombui alikuwa nyuma yake. Naye akajibu hewa: "Mwambieni mkaza mwana asihangaike. Siku ya kesi nitakwenda. Nitasema."

"Mwambieni baba kwamba kesi ni Jumanne."

"Mwambieni nimesikia. Jumanne."

Jumanne Ombui alikwenda kweli. Nyamoita alimwona kupitia dirishani, amekaa safu ya nyuma, kofia yake ya kijivu juu ya goti. Moyo wake ukatulia. Akamwona Mzungu wa kesi, mkalimani, wazee wawili wa baraza walioketi kando ili kumwambia Mzungu mila zinasemaje. Akamwona Mogire amesimama, mikono kando, kama mwanafunzi.

"Mtamba huyu ni wa nani?"

"Wangu."

"Ulimnunua au alizaliwa kwako?"

"Alizaliwa."

"Mama yake yuko wapi? Anaitwaje?"

Hapo ndipo Mogire alipokohoa. Kh'm. Nyamoita alilisikia neno likishuka. Akayageuza macho yake kwa Ombui: sasa, sasa ndio wakati. Ombui alikuwa akizungusha kofia gotini, polepole, kama mtu anayetafuta pale ilipochakaa.

"Nimesahau," akasema Mogire.

Wazee wa baraza walicheka. Hata mkalimani alicheka kabla ya kutafsiri. Maana Mgusii anaweza kusahau mwaka aliozaliwa, anaweza kusahau ahadi, lakini ng'ombe wake humjua mpaka kwa nyanya yake, kwa jina na kwa pembe. Mtu asiyemjua mama wa ng'ombe wake amemtoa wapi? Mzungu wa kesi hakuwa na haja ya ushahidi mwingine. Wazee wenyewe walimwambia: huyu ni mwizi. Miaka mitatu na kazi ngumu, Kisumu.

Ombui akavaa kofia yake akatoka. Alipompita Nyamoita pale nje, Nyamoita aligeuza kichwa, kwa mazoea. Baadaye alijichukia kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote maishani mwake. Kwamba siku ile, hata siku ile, alimgeuzia kichwa kwa heshima.

Wakati Mogire anavunja mawe Kisumu, Magwagwa ilipata neno jipya. Nyamoita akipeleka ndizi sokoni, "Moka Nimesahau!" walimwita, yaani mke wa Nimesahau. "Leo mkungu huu ni bei gani, au nao umesahau mgomba uliouzaa?" Binti yake Bathsheba alirudi kutoka shule akauliza, "Mama, baba yangu ninamjua?" Wenzake walikuwa wamemwambia kwamba mtoto wa mtu yule hawezi kujua ametoka wapi. Kanisani walimwondolea Mogire jina katika orodha ya washiriki, na aliyesimama kusoma orodha mpya alikuwa mzee wa kanisa, Ombui, kwa sauti yake nzuri ya kusomea. Harusi ya mwanawe ilikuwa imepita, tena kwa shangwe. Bado hakusema.

Nyamoita hakulia. Alilima. Alilima mpaka mpini ukamtoa malengelenge na malengelenge yakawa ngozi nyingine. Hasira yake haikuwa ya moto wa nyasi unaowaka na kuzimika. Ilikuwa ya kaa lililofukiwa kwenye majivu, ambalo mama wa nyumba hulifukua kila asubuhi akalikuta bado jekundu.

Mogire alirudi mwaka wa 1951. Mabega yalikuwa yameshuka na kifua kimejaa vumbi la mawe. Sasa alikohoa mchana kutwa, kikohozi kirefu, chenye kokoto ndani. Nyamoita alimwacha ale, akamwacha alale siku tatu, kisha akasema:

"Kesho nakwenda kanisani. Nitasimama nimtaje."

"Usimtaje."

"Mogire! Umerudi na mapafu nusu, na yeye anasoma Zaburi!"

"Sikiliza, mama Bathsheba." Alisubiri pumzi irudi. "Walinivua nguo zangu. Wakanyoa kichwa changu. Jina langu wamelifanya mzaha. Kitu kimoja tu wameniachia, kwamba niliombwa nisimtaje mtu, na sikumtaja. Hicho ni changu. Na wewe usininyang'anye."

Nyamoita akaapa hatamtaja. Akalifukia kaa.

Miaka minne zaidi. Kisha ikaja sinema.

Salat, Msomali mwenye ghala la ngozi pale sokoni Magwagwa, alikuwa amepata mashine ya sinema huko Kisumu kutoka kwa askari waliokuwa wakiuza vitu vya vita. Mpwa wake Shueib alikuwa amekwenda Burma na jeshi, akarudi na Kiingereza, na kwa kuwa alizaliwa hapo hapo sokoni alikizungumza Ekegusii kama mtoto wa nyumbani. Yeye ndiye angeeleza picha. Shueib alikwenda kwa chifu Nyamongo kuomba ruhusa.

"Inahusu nini?" chifu aliuliza.

"Wezi, chifu. Wanakamatwa, wanahukumiwa kunyongwa."

Nyamongo alifurahi mno. Aliona funzo kubwa limemjia bila gharama. Akatoa amri: Jumapili saa nane mchana, kila nyumba iliyowahi kutoa mwizi ilete mtu. Wakae mbele. Na wazee wa kanisa waje washuhudie funzo.

Askari kanzu wa chifu alimletea Nyamoita habari hiyo akiwa shambani. Mogire hakuweza kupanda kilima. "Nitakwenda mimi," alisema Nyamoita, na alilipiga jembe ardhini kwa namna iliyomfanya askari kanzu aage upesi.

Ghala lilinuka ngozi mbichi na mafuta ya taa. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia, na katika giza lile jua la mchana lilipenya kwenye matundu ya misumari ya mabati, nyuzi nyembamba za mwanga, kila mmoja na vumbi lake. Ukutani shuka nyeupe. Mbele kabisa palikuwa na benchi moja refu, tupu, na kila aliyeingia aliliangalia na kujua ni la nani. Walikaa watu saba. Mmoja alikuwa ameiba kuku mwaka wa 1939.

"Mwizi mkubwa, karibu!" alipiga kelele mtu kutoka nyuma Nyamoita alipoketi. "Moka Nimesahau, usisahau kulipia!"

"Nitakulipia na wewe," Nyamoita alijibu bila kugeuka. "Najua kwako hamjala tangu jana."

Kicheko kikahamia upande mwingine. Wazee waliketi viti vya kando, na mwanga wa tundu moja ulianguka juu ya kofia ya kijivu.

Chifu alihutubia. Alisema tazameni vizuri mwisho wa wezi. Kisha mashine ikaanza kulia, na shuka ikajaa watu.

Walikuwa wanaume wawili wa Marekani, wapasua mbao, maskini, wenye nguo zilizotiwa viraka. Ghala la tajiri linavunjwa, mlinzi anauawa. Watu wa mji wanawakamata hao wawili kwa sababu walikuwa wageni na kwa sababu mmoja alikuwa na buti mpya.

"Hawa ndio wezi!" chifu alitangaza.

"Ngoja kwanza, chifu," Shueib alisema. "Picha bado."

Maana saa ile ile ghala lilipovunjwa, wale wawili walikuwa kwa kinyozi, nyuso zimejaa sabuni. Ghala zima la Salat lilikuwa limewaona. Kinyozi alikuwa amewanyoa kwa mkono wake.

"Basi kinyozi si aseme?" aliuliza mama mmoja.

"Hawezi, mama. Ilikuwa Jumapili, na kwao Jumapili ni kama Sabato yenu. Kinyozi ni mzee wa kanisa. Akisema aliwanyoa, watajua alifungua duka siku ya Mungu."

"Wangekuja kwetu," alisema mtu. "Jumapili tunanyoa mpaka mbuzi!"

Walicheka, lakini kicheko hakikudumu. Kwa sababu sasa wale wawili wapo kizimbani, na hakimu anauliza, na mdogo wao anajibu huku midomo ikitetemeka, na kinyozi amekaa nyuma na kitambaa chake mkononi. Shueib alikuwa ameacha mizaha. Alieleza polepole, kwa sauti ya chini. Funzo la chifu lilikuwa limemponyoka. Akina mama walianza kusonya, kisha kulia. "Wameonewa! Jamani, watoto wa watu wameonewa!" Mzee wa kuku wa 1939 alijifuta pua kwa mkono.

Nyamoita hakulia. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini. Aliona dirisha la Kisii. Alisikia kikohozi. Na ndipo alipogeuza kichwa kidogo, akamwona Ombui.

Ombui alikuwa analia.

Alilia waziwazi, machozi yakimshuka kwenye mikunjo ya mashavu, kwa ajili ya wapasua mbao wawili wa Marekani waliotengenezwa kwa mwanga. Hakimu katika shuka akauliza kama kuna mwenye neno la mwisho. Kinyozi akainuka. Akasimama. Akafungua mdomo.

"Sema!" ghala lililipuka. "Sema, wewe! Sema!"

Na Ombui naye alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti chake, ngumi hewani. "Sema!" alipiga kelele kwa ile sauti yake nzuri ya kusomea. "Sema, mtu mbaya wewe! Sema!"

Fwap, fwap, fwap. Shuka ikawa nyeupe tupu.

"Nini hii?" watu walifoka. "Amesema? Alisema au hakusema?"

"Mkebe wa mwisho wa picha haupo," alisema Salat, ameinua mikono miwili. "Umebaki Kisumu. Tulieni, ndugu zangu, mwezi ujao nitauleta."

"Mwezi ujao! Watu wananyongwa, wewe unasema mwezi ujao!"

Katika mwanga ule mweupe Nyamoita alisimama. Kivuli chake kilijaa shuka nzima, kichwa kikagusa mabati, na kelele zikapungua, maana walidhani picha imerudi. Alitoka kwenye benchi la wezi, akavuka nafasi iliyokuwa kati ya benchi na viti vya wazee. Alisimama mbele ya Ombui, hatua moja. Kisha akafanya kitu ambacho katika miaka ishirini na mmoja hakuwahi kukifanya. Alimtazama usoni.

Mama mmoja alishtuka kwa sauti. "Huyo ni baba mkwe wake!"

"Moka Mogire, una wazimu?" alisema chifu. "Rudi ukae!"

Nyamoita hakurudi. Alikuwa ameapa kutomtaja, na hakumtaja. Alisema neno moja tu, lile ambalo Ombui mwenyewe alikuwa amelipigia kelele muda mfupi uliopita.

"Sema."

Mashine ilizunguka bure. Ombui alitazama upande, hakukuwa na pa kutazama. Alitazama kofia yake. Aliizungusha, mara moja, mara mbili, na Nyamoita alimwacha azungushe, na hakuyaondoa macho.

"Mama yake," alisema Ombui hatimaye, na sauti yake nzuri ilikuwa imekauka, "mama yake aliitwa Sotik. Nilimnunua huko. Mweusi, pembe ya kushoto imeinama. Alimzaa kule Nyansiongo, mwezi wa mvua ya mawe. Mtamba alikuwa wangu."

Hakuna aliyeuliza mtamba gani. Magwagwa nzima ilijua.

Nyamoita alishuka kilima akiwa karibu kukimbia. Mogire alikuwa kitandani, amejiegemeza ukutani.

"Ulimtaja?"

"Sikumtaja. Amejitaja."

Alimweleza yote. Mogire alisikiliza, kisha akauliza jambo ambalo Nyamoita hakulitazamia. "Alitaja na jina la mama yake?"

"Sotik."

"Sotik," Mogire alisema, kama anayeonja kitu. "Kumbe. Mimi hakuniambia." Na mabega yake yalitikisika, na Nyamoita hakujua kama ni kicheko.

Hapo ndipo hadithi ingepaswa kuishia kwa wanaopenda hadithi ziishe vizuri. Lakini kilichofuata kilimkasirisha Nyamoita kuliko yote yaliyotangulia.

Chifu alisema kesi ilishafungwa na Serikali haifungui iliyofungwa. Bwana Soksi alikuwa ameuza shamba na kwenda kwao, na Sabato alikuwa ameliwa zamani. Jumamosi iliyofuata, kanisani, Ombui alisimama mbele akatubu, na watu walilia kwa furaha. Walimpongeza! Walisimama mstari kumpa mkono. "Mzee ni jasiri," walisema. "Wangapi wangeweza?" Mhubiri alifanya toba ya Ombui kuwa hubiri, akaipeleka mpaka makanisa ya jirani, na kila mahali Ombui alialikwa, akatubu upya, akapikiwa kuku. Jina la Mogire lilirudishwa kwenye orodha ya washiriki; lilisomwa katikati ya matangazo, baada ya habari za kusafisha uwanja. Wale waliomwita Nimesahau waliacha kumwita, wakadhani kuacha ndiko kuomba msamaha. Hakuna hata mmoja aliyeshuka kilima kubisha hodi.

Walishuka mwezi wa pili baada ya toba ile. Nyamoita alisikia nyimbo kwanza, kisha akawaona kwenye njia ya migombani, kanisa karibu zima, mhubiri mbele, Ombui amevaa kofia yake ya kijivu na kushika kamba. Kwenye kamba kulikuwa na mtamba. Walikuwa wametafuta mpaka wakapata anayefanana na Sabato: mwekundu, uso mweupe kama aliyepakwa chokaa.

Waliimba mpaka wakafika uani. Mogire alikuwa amekaa kizingitini juani, blanketi mabegani. Nyamoita alisimama nyuma yake.

"Mwanangu," alisema Ombui, na macho yake yalikuwa yameanza kulowa kama kule ghalani, "nimekuletea huyu. Uso kwa uso. Mbele ya Mungu na ya hawa wote, mpokee, yaishe."

"Amina!" walisema watu.

Walisubiri. Mtamba alinyoosha shingo, akalamba mkono wa Mogire, ule uliovunja mawe. Mogire aliutazama mkono, akamtazama mzee. Akafungua mdomo.

Kh'm.

Si kile kikohozi kirefu cha kifuani. Kile kingine, kifupi, ambacho Nyamoita hakuwa amekisikia kwa miaka saba. Alilisikia neno likianza safari yake ya kwenda tumboni, na safari hii hakuliacha lifike. Alipita mbele ya mumewe. Akaichukua kamba kutoka mkononi mwa Ombui, akaikunja vizuri, akamwekea tena mkononi na kumfumbia vidole juu yake, kimoja kimoja, yeye ambaye hakuwahi kumpa mkono. Watu wa nyuma hawakusikia alichosema, ikawabidi waulizane njia nzima ya kurudi.

"Rudi naye, mzee," alisema, taratibu mno. "Wa kwako tulishamchunga."